Sevisi ya gari la mtumba kutoka Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barabara zetu zimejaa IST, Vitz, Premio, Noah, RAV4 na Harrier zilizotumika Japani kabla ya kutufikia. Ni magari imara. Mengi yanayofia gereji yangeweza kuendelea miaka mingi, lau sevisi yake isingesogezwa mbele mwezi baada ya mwezi. Majibu haya ni kwa mwenye gari wa kawaida, anayelipia matunzo kutoka mfukoni mwake na anayelitegemea gari limfikishe kazini kesho asubuhi.

Gari langu halisumbui kabisa. Kwa nini nilipeleke gereji?

Kwa sababu vitu vinavyoua injini havipigi kelele. Oili huchakaa kimya kimya. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa bila wewe kujua, na mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini zifunguke kwa wakati wake, hukauka ndani ya kifuniko chake pasipo mtu kuuona. Siku utakaposikia mlio, hiyo si sevisi tena, ni matengenezo, na bei yake ni nyingine. Sevisi hufuata kilomita na tarehe. Gari lililotimiza kilomita zake liingie gereji hata kama jana lilipanda mlima Kitonga bila kukohoa.

Nimetoa gari bandarini juzi. Nianze na nini?

Anza upya, kana kwamba halijawahi kufanyiwa chochote. Mwaga oili ya injini na ubadilishe filta yake. Badilisha eya klina. Kisha fundi akague kulanti (maji ya kupoozea injini), mafuta ya breki, oili ya gia boksi, fani belti, breki pedi, na tairi zote pamoja na ya akiba kama ipo. Gari hilo lilisubiri yadi, likasubiri melini, likasubiri tena bandarini, na kusubiri huko huumiza zaidi betri na tairi.

Kabla halijaoshwa, tafuta stika. Wajapani wana desturi ya kubandika stika ndogo wanapobadilisha oili, mara nyingi kwenye ubavu wa mlango wa dereva au ndani ya boneti, yenye tarehe na kilomita. Namba utazisoma hata kama Kijapani hukijui, ila mwaka unaweza kukuchanganya kwa sababu mara nyingi huandikwa kwa kufuata enzi ya mfalme wao. Ukiwa wa enzi ya Heisei, jumlisha 1988, hivyo 28 ni 2016. Ukiwa wa Reiwa, enzi iliyoanza 2019, jumlisha 2018, hivyo 4 ni 2022. Stika ikisema gari lilikuwa na kilomita 118,000 mwaka 2017, na leo dashibodi inaonyesha 74,000, umeshajua kwamba kilomita zimerudishwa nyuma. Usiipangie namba hiyo jambo lolote. Kama gari lina mkanda wa taimingi, tafuta pia stika ya mkanda ndani ya boneti. Zipige picha zote uzihifadhi.

Wengine hujiliwaza kwamba gari limekaguliwa kule. Ni kweli gari la binafsi Japani hukaguliwa likitimiza miaka 3, halafu kila miaka 2. Lakini ukaguzi huo huangalia kama gari linafaa kuwa barabarani siku ile. Haukuambii oili ya gia boksi ina umri gani.

Oili ya injini nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Kilomita 5,000 au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Huo ndio msimamo wangu kwa gari la kawaida hapa kwetu, na sababu zake ni hizi.

Toyota, kwa wateja wake wa Japani, husema gari la petroli lisilo na tabo libadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Watu wakiiona namba hiyo mtandaoni hufurahi na kuishia hapo. Maelekezo hayohayo yana sehemu ya pili: gari linalotumika katika mazingira magumu hupewa nusu, yaani 7,500 au miezi 6. Na mazingira magumu yenyewe ni barabara mbovu, vumbi, milima, safari fupi za mfululizo, na mwendo wa kusimama simama huku injini ikinguruma. Hiyo ndiyo barabara ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Ndiyo safari ya dakika kumi ya kumpeleka mtoto shule na kurudi. Wengi wetu tuko katika sehemu ya pili tangu siku ya kwanza. Ongeza hapo injini yenye umri wa miaka 15 na oili ambayo huna hakika kamili na ubora wake. Kushuka kutoka 7,500 hadi 5,000 ni tahadhari ndogo sana mbele ya gharama ya kushusha injini.

Usiidharau tarehe. Kwenye foleni kilomita hazisogei, lakini injini inafanya kazi. Na gari linalotembezwa Jumapili tu kwenda kanisani halipati joto la kutosha kukausha mvuke wa maji na matone ya petroli yanayoingia kwenye oili. Dashibodi inaweza kusema umetembea kilomita 1,500 tu katika miezi 6, na oili hiyo bado ikawa imechoka.

Kwa dereva wa teksi mtandao hesabu ni rahisi. Kilomita 200 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni 5,000. Oili yako ni ya kila mwezi. Iingize kwenye matumizi ya mwezi pamoja na petroli na hesabu ya bosi, isiwe jambo la kusubiri ziada.

Niweke oili gani?

Angalia kitabu cha gari, au maandishi ya kifuniko cha kumiminia oili. Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST nyingi, Fielder na Premio ndogo, inakwenda vizuri na 5W-30. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza wepesi wa oili injini ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto.

Mafundi wengi bado wanaweka 20W-50 kwenye kila gari, kwa imani kwamba oili nzito ndiyo imara. Imani hiyo ilitoka kwenye injini za zamani. Hizi za sasa zina VVT-i, mfumo unaosogeza taimingi ya valvu kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, na injini hutumia mafuta zaidi kuisukuma. Gari lako likiwa limeandikwa 0W-20, usikubali liruke hadi 20W-50 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani siku hiyo. Kwenye kopo tafuta pia daraja la ubora, linaloandikwa API: kwa petroli SN au SP, kwa dizeli CI-4 au CK-4.

Kiasi nacho kina maana yake. 1NZ-FE hutaka lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta, kwa hiyo kopo la lita 4 haliishi lote. Fundi akimimina lote, oili inapita alama ya juu, krenki shafti inaichapa, inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Mwambie asimame kwenye alama.

Oili feki ipo. Nunua kwa wakala anayejulikana au kwenye kituo kikubwa cha mafuta, angalia kizibo kama kimeguswa, na kopo lako likiisha litoboe kabla ya kulitupa. Makopo mazima yaliyotupwa ndiyo yanayojazwa tena.

Oili imekuwa nyeusi wiki mbili tu baada ya kubadilisha. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Oili nzuri ina dawa za kuosha injini, na uchafu inaoubeba huigeuza rangi. Ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku hiyohiyo. Tia shaka ukiona rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia, au ukisikia harufu kali ya petroli, au ukiona vumbi la chuma linalong'aa.

Gari linakula oili. Nifanyeje?

Kwanza lipime. Gari likae mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kama tano, chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena usome. Fanya hivyo kila wiki na uandike. Ukishajua linakula kiasi gani kwa kila kilomita 1,000, fundi atakuwa na pa kuanzia: sili zinazovuja, sili za valvu, au ringi za pistoni. Injini za 1ZZ-FE za lita 1.8 za mwanzoni zinajulikana kwa ugonjwa huu wa ringi. Gari linalokula oili kidogo linaweza kutembea miaka mingi, mradi usiliache likauke kati ya sevisi moja na nyingine. Injini nyingi za namna hii hufa kwa kuishiwa oili, huku mwenyewe akiamini kilomita za sevisi hazijatimia.

Gari linachemsha, na fundi anataka kutoa themostati. Nimkubalie?

Mkatalie, kwa heshima lakini bila kuyumba. Hili ndilo jambo ninalolisihi zaidi kwa kila mwenye gari.

Themostati ni kilango kidogo kinachozuia kulanti isizunguke hadi injini ipate joto, kisha kinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukikitoa, injini inatembea baridi muda wote. Kompyuta ya gari inaona baridi hiyo na kuongeza petroli, kama inavyofanya kila asubuhi unapowasha. Sehemu ya petroli hiyo inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Unyevu haukauki. Utaona mshale wa joto uko chini ukadhani umepona, kumbe unalipia petroli zaidi na injini inalika.

Dawa ya pili inayopendwa ni kuunga feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Zote mbili zinaficha ugonjwa. Gari linachemsha kwa sababu maalumu: rediata imeziba, kifuniko chake hakishiki presha, mota ya feni imekufa, pampu ya maji inavuja, themostati yenyewe imekwama (weka mpya, ni spea ya bei ndogo), au gasketi ya silinda hedi imeungua. Fundi mzuri anaitafuta sababu moja baada ya nyingine. Kama hapa kwako ndipo gari litakapotumia maisha yake yaliyobaki, muda huo wa kutafuta ni haki yake.

Likichemsha njiani, kaa pembeni na uzime mara moja. Usifungue kifuniko cha rediata. Maji ya ndani yana presha na yataruka usoni. Subiri angalau nusu saa. Usimwagie injini maji baridi, silinda hedi inaweza kupinda. Na ujue kwamba magari mengi madogo kama Vitz na Passo hayana mshale wa joto, yana taa tu: ya bluu kwa baridi, nyekundu kwa hatari. Nyekundu ikiwaka, huna kilomita moja ya kusogea.

Kwani maji ya bomba yana ubaya gani? Huku kwetu hakuna barafu.

Kulanti si ya barafu pekee. Ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima cha pwani, yana chumvi zinazoganda ndani ya vijia vya rediata hadi vizibe. Wanaopanda Iringa, Mbeya, Arusha au Nairobi wakumbuke pia kwamba huko juu maji matupu huchemka kabla ya nyuzi 100. Kinachosaidia ni kifuniko cha rediata, kinachoshikilia presha ya karibu bar 1, pamoja na kulanti yenyewe. Raba ya kifuniko ikichanika, kibadilishe.

Kulanti ya waridi ya Toyota hudumu kilomita 160,000 au miaka 7 tangu kiwandani, na baada ya hapo kila kilomita 80,000 au miaka 4. Ile nyekundu ya zamani ni kilomita 40,000 au miaka 2. Kwa gari la mtumba usilolijua historia yake, osha mfumo, jaza mpya, uanze kuhesabu leo. Usichanganye rangi mbili. Ukinunua kulanti ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri, na uhakikishe ni maji, si asidi.

Nimeambiwa oili ya gia boksi haiguswi maisha yote ya gari.

Inaguswa. Msemo huo umeua gia boksi nyingi kuliko foleni. Haidroliki, kama mafundi wengi wanavyoiita oili ya otomatiki, inalainisha, inapooza na inabeba presha inayobadilisha gia, na joto huichosha. Kwa matumizi yetu, badilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000.

Aina yake ndiyo muhimu kupita yote. IST ya kizazi cha kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina otomatiki ya gia nne na hutumia T-IV. Magari ya miaka iliyofuata yenye otomatiki ya kawaida mengi hutumia WS. Kisha kuna CVT, gia boksi isiyo na gia bali mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazobana na kuachia. Fielder na Premio za lita 1.5 za kuanzia karibu 2007 ziko humo. CVT inataka oili ya CVT, na haidroliki ya kawaida ikiingia humo, mkanda unateleza na gia boksi inakwisha. Usiseme "niwekee haidroliki" ukaondoka. Simama, soma kopo.

Wako wanaosema walibadilisha na gia ikaanza kuteleza. Mara nyingi klachi za ndani zilikuwa zimeshalika na oili ya zamani ilikuwa inasitiri hali. Kwa gari lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa, mwaga kiasi kinachotoka chenyewe, jaza kiasi kilekile, tembea kilomita 1,000 hivi, urudie. Mashine ya kusukuma kwa presha iache.

Mkanda wa taimingi nao?

Kwanza jua kama gari lako lina mkanda au cheni. 1NZ, 2NZ, 1KR ya Passo, 1ZZ na 1AZ zina cheni. 3S-FE ya Noah na RAV4 za zamani ina mkanda, vilevile 5A na 7A za Corolla na Carina za zamani, na dizeli kama 5L ya Hilux, 1KZ, 1KD na 1HZ ya Land Cruiser. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT inayowaka kwenye dashibodi kilomita hizo zikitimia. Ikiwaka, inataka mkanda mpya, na kuizima bila kubadilisha ni kuhatarisha injini nzima, kwa kuwa katika dizeli mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kazi hiyo ikifanyika, badilisha pia beringi ya kukaza mkanda, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo. Hutaki kulipia kufungua mara mbili.

Cheni haina kilomita za kubadilisha, ila uhai wake uko kwenye oili. Ukisikia mchakacho wa sekunde chache kila unapowasha asubuhi, mwite fundi.

Plagi, eya klina na filta nyingine?

Plagi za kawaida kilomita 20,000. Za iridiamu 100,000. Eya klina ipulizwe kila sevisi na ibadilishwe kwenye 20,000, mapema zaidi kama unakaa barabara ya vumbi. Filta ya eya kondishen iko nyuma ya droo ya dashibodi na watu wengi hawajawahi kuiona; ukihisi AC imepoteza nguvu, tazama hapo kwanza. Filta ya oili ni kila unapomwaga oili, bila kujadiliana. Wenye dizeli, mwageni maji kwenye filta ya dizeli kila sevisi. Na usiwe na mazoea ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka: pampu ya petroli imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipooza.

Breki zinashika vizuri. Mafuta yake nayo yabadilishwe?

Kila miaka 2. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishavuta unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Mjini hutaona tofauti. Utaiona ukiteremka Kitonga au Sekenke na gari lililojaa, mguu ukiwa juu ya breki muda wote: mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hivyo pedeli inazama na gari halisimami. Badilisha mafuta, na mteremkoni ushushe gia, 2 au L kwa otomatiki, injini ishike gari. Breki pedi zikibaki milimita 3, weka mpya.

Tairi nizijaze upepo kiasi gani?

Stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikiandikwa 220, hiyo ni kPa, sawa na PSI 32. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, si baada ya kutoka Chalinze. Mwenye kujaza upepo akipenda 40 kwa kila gari, mtajie namba yako. Kilomita 10,000 zikifika, zungusha za mbele ziende nyuma.

Umri wa tairi uko ubavuni, tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka 10 ni tairi bovu. Raba imekufa ndani, na itapasuka kwenye mwendo mkubwa na jua kali, pale ambapo usingependa ipasuke.

Taa ya injini imewaka, lakini gari linakwenda vizuri.

Ya njano inakupa siku chache. Ikiwa inawaka na kuzima kwa kufululiza, punguza mwendo na uende gereji leo, kwa sababu injini inamisi na petroli isiyoungua inaharibu masega ya ekzosti, yale yanayosafisha moshi. Lipimwe kwa kompyuta, uandike kodi (namba ya hitilafu) iliyotokea, na sababu itengenezwe. Kufuta kodi pekee si matengenezo. Taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa: zima injini hapohapo, hata kama uko katikati ya daraja.

Betri inadumu muda gani?

Joto la pwani huipa miaka 2 hadi 4. Ikiwa imepumzika na kujaa husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo, pima alteneta kabla ya kununua betri mpya.

Spea ninunue mpya au za mtumba?

Inategemea ni kitu gani. Taa, mlango, kioo, hata alteneta ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini kitu kinacholika au kuoza usinunue cha mtumba: breki pedi, mikanda, beringi, sili, plagi, filta. Ukienda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au duka lolote la spea, nenda na namba ya chesisi. "IST" haitoshi, kwa sababu NCP60 ni ya lita 1.3 na NCP61 ni ya 1.5, na si kila spea inaingiliana. Beba pia spea ya zamani mkononi uilinganishe.

Fundi wa mtaani au gereji kubwa?

Fundi mmoja anayelijua gari lako ana thamani, awe chini ya mwembe au kwenye jengo la vioo. Ninachopima mimi ni kama anakubali usimame karibu, anakuonyesha spea iliyotoka, na anasema "sijui" asipojua.

Kumbukumbu ziweke wewe, si yeye. Daftari dogo ndani ya gari linatosha: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili, risiti. Fundi akihama, historia ya gari inabaki. Siku ya kuuza, mnunuzi akifungua daftari hilo mtazungumza bei kwa namna nyingine.

Mwezi huu sina pesa ya sevisi kamili. Nianze na kipi?

Breki na tairi kwanza, kwa sababu zinabeba roho za watu. Pili oili ya injini na filta yake. Tatu, chochote kinachofanya gari lichemshe. Plagi, eya klina, shokapu na mengine yanaweza kusubiri mwezi ujao, yakiandikwa kwenye daftari yasisahaulike. Usikubali kubadilisha oili bila filta ili kuokoa pesa. Na kukagua hakugharimu kitu: oili, kulanti, mafuta ya breki na upepo, kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Oili chafu tunayotoa tuifanye nini?

Isimwagwe mtaroni wala chini ya mti. Inazama ardhini na kufuata maji, na huku kwetu nyumba nyingi zinakunywa maji ya visima. Irudishe kwenye kopo lake, lifunge, ulipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili iliyotumika. Hilo kopo ndilo utakalolitoboa baadaye, likishamwagwa huko. Ukifanyia sevisi kwa fundi wa mtaani, muulize anaipeleka wapi, na kama hana jibu, ondoka nayo.